UZI: Sanitaiza mlangoni, madirisha yote yamefungwa. Hii senyiga (mafua) niliitoa wapi?

FundiWaArua ameandika:

Jamani habari za jioni. Naandika huku napenga kamasi, mkiona herufi zimerukaruka mnisamehe. Nina swali ila nianze na kisa chenyewe.

Wiki iliyopita nilienda Kampala kuchukua vitambaa Kikuubo, kawaida yangu kila mwezi, nikarudi Arua na basi la asubuhi. Kampuni siitaji maana bado nitapanda. Mlangoni kijana amesimama na chupa ya sanitaiza, anatumiminia mmoja mmoja, hupandi mpaka usugue mikono. Nikasema hawa watu wako siriasi. Ndani sasa, basi limejaa mpaka siti ya katikati, mvua inanyesha tangu Bwaise, madirisha yote kwii, na siti ya nyuma yangu kuna mzee anakohoa kile kikohozi cha kavukavu, kho kho, ananyamaza dakika mbili, kho kho tena. Nikasukuma dirisha kidogo hivi, mama wa mbele akageuka, "Dada funga, mtoto ana kifua." Nikafunga, ningefanyaje. Lilifunguliwa Migyera tu watu wakanunua nyama ya vijiti na gonja, halafu kufika Karuma wakafunga vizuri zaidi sababu ya nyani. Karibu kilomita 500 hivohivo.

Kitu kimoja nakikumbuka sana, kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, matone yanateremka, nikawa naandika jina la mwanangu kwa kidole, linafutika, naandika tena.

Siku ya tatu koo likaanza kuwasha. Ijumaa watoto wote wawili wameanguka, na msichana ninayemfundisha cherehani naye. Yeye anasema ni noti, eti nilizishika Kikuubo nikajipangusa pua. Mimi nilinawa jamani! Mikono yangu ilikuwa inanuka spiriti mpaka Pakwach. Sasa hii kitu iliingilia wapi?

---

KondaMstaafu:

Pole dada. Iliingilia puani 😂

---

MusawoZamuYaUsiku:

Konda amefanya mzaha ila amejibu sawasawa.

Pole dada Fundi. Mimi ni musawo, yaani mhudumu wa afya, nimekaa wodi ya TB miaka kadhaa, na Kiswahili changu ni cha barracks nilikozaliwa, kwa hiyo mnivumilie. Huyo msichana wako mwambie noti azisamehe kwa leo. Jibu ulikuwa unaliandikia jina la mtoto wako kwa kidole. Ule ukungu wa kioo sehemu kubwa ni pumzi za watu. Maji yale yametoka kwenye mapafu ya basi zima yakaganda kwenye kioo sababu nje kuna baridi ya mvua, na kama pumzi zilijaa kiasi cha kulowesha vioo basi jua wewe ulikuwa unazivuta masaa yote hayo.

Mtu akikohoa anatoa matone ya kila saizi, hilo wote tunajua. Wengi hawajui kwamba hata akiongea tu, akiimba, hata akipumua kimya anatoa. Makubwa yanaanguka. Tone la mikroni 100, yaani nene kidogo kuliko unywele, linatoka usawa wa mdomo mpaka chini kwa sekunde kama 5. La mikroni 5 linachukua nusu saa na zaidi kidogo. La mikroni 1 linachukua karibu masaa 12, na hapo ni hewa iliyotulia kabisa, ndani ya gari hewa haitulii. Kirusi chenyewe ni kidogo zaidi ya hapo ila hakisafiri uchi, kinapanda ndani ya hayo matone madogo kama abiria.

Ukitaka kukielewa fikiria moshi wa sigara. Mtu akiwasha siti ya mwisho, dereva atanusa au hatanusa? Atanusa. Na je, sanitaiza ya mlangoni ingemsaidia dereva asinuse?

---

MbishiMkuu:

Subiri kwanza musawo. Mwaka 2020 redio ilituambia tuoshe mikono tuoshe mikono, mama yangu aliosha matoke kwa Omo, kweli kabisa, mkungu mzima, tukala chakula kina povu. Na walituambia virusi vinakaa siku tatu kwenye plastiki. Sasa leo wewe unasema ni hewa. Nani alidanganya?

---

MusawoZamuYaUsiku:

Hizo siku tatu ni kweli, maabara walipima mwanzoni mwa 2020: kwenye plastiki na stili masaa 72 bado walipata virusi hai, kwenye katoni masaa 24, kwenye shaba masaa 4 tu. Ila watu walisikia "siku tatu" hawakusikia yanayofuata, kwamba kiasi chake kinapungua kwa nusu kila baada ya masaa sita saba hivi, mpaka siku ya tatu ni mabaki. Halafu ili vikupate lazima mnyororo mzima ukamilike, mgonjwa aweke vya kutosha pale, wewe uguse kabla havijafa, vihamie mkononi, mkono uende puani au machoni mapema. Virusi vya flu kwenye ngozi ya mkono havimalizi hata dakika nyingi. Ndiyo maana mwaka 2021 wale wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, wakasema kwa korona, kugusa sehemu iliyochafuka mara moja, hatari ya kuambukizwa kwa kawaida ni chini ya 1 kwa 10,000.

Nani alidanganya? Mimi sisemi danganya, nasema waling'ang'ania. Tarehe 28 Machi 2020 WHO, shirika la afya duniani, waliandika mtandaoni kwa herufi kubwa kwamba korona HAIENEI kwa hewa. Vitabu tulivyosomea vilisema chochote kinachozidi mikroni 5 kinaanguka karibu, mita moja mbili, basi kaa mbali na unawe. Hiyo 5 ilikosewa zamani sana. Kulikuwa na mhandisi mmoja Mmarekani, William Wells, tangu miaka ya 1930 alionyesha matone yanayofika hata mikroni 100 yanaweza kukauka hewani kabla hayajagusa chini yakabaki yanaelea. Baadaye watu wakachanganya hesabu yake na ile ya TB, maana kidudu cha TB ili kikuue lazima kifike chini kabisa kwenye mapafu na huko yanafika madogo tu, ya mikroni 5 kushuka. Basi 5 ikageuka kuwa mpaka wa kila kitu. Mpaka Julai 2020 wanasayansi 239 wakaandika barua ya wazi kwamba jamani hii ni hewa. Na WHO kukubaliana na majina mapya ya haya mambo ilikuwa 2024.

Sasa sikiliza hii. Machi 2020, Mount Vernon, jimbo la Washington huko Marekani, kwaya walikutana mazoezi masaa mawili na nusu. Watu 61. Sanitaiza ipo mlangoni, hawakukumbatiana, hawakushikana mikono. Mmoja alikuwa na mafua kidogo. Waliougua 53, wawili wakafa. Mlango ule dada Fundi si ndio wa basi lako?

---

FundiWaArua:

Weee. 53 kwa 61. Mimi kanisani naimba soprano banange.

Lakini musawo kuna kitu kinanisumbua. Sisi huku kaskazini mikono tulifundishwa na Ebola. Nilikuwa msichana mwaka 2000 ilipoingia Gulu, Arua tulikuwa tunaogopa hata salamu, na daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alipofariki Desemba ile redio ililia. Tangu hapo jerikeni lenye bomba likawekwa kila mlango. Na kunawa kulisaidia, huwezi kuniambia hakukusaidia.

---

MusawoZamuYaUsiku:

Kulisaidia na bado kunasaidia. Ebola ni ugonjwa wa kugusana, damu, matapishi, jasho, maiti. Jerikeni pale liko mahali pake. Hata kipindupindu na kuhara, jerikeni. Tulichokosea sisi ni kuchukua dawa ya Ebola kumpa mgonjwa wa senyiga. Mwaka 2020 nimeingia benki moja hapa mjini, nimepimwa joto kwa ile bunduki, nimenawa, nimekanyaga zulia la klorini, halafu nikakaa saa nzima kwenye foleni chumba kimefungwa kiyoyozi kinazungusha hewa ileile. Viatu vyangu vilikuwa salama sana.

---

KondaMstaafu:

Hahaha viatu.

Mimi niongee ya teksi sasa. Juni 2020 waliporudisha teksi walisema nusu, kamunye ya watu 14 ibebe 7, nauli ikapanda juu. Jerikeni na sabuni lazima, polisi akisimamisha anaangalia jerikeni na anahesabu vichwa. Sijawahi, narudia sijawahi, kuona polisi anaangalia dirisha. Na ile HiAce dirisha linalofunguka ni lile la katikati, wale wa siti ya nyuma kabisa wamekaa kwenye chupa. Abiria nao, mwanamke ametoka kusuka nywele elfu hamsini, umwambie fungua? Atakula wewe.

Na boda je? Boda walikataliwa kubeba mtu mpaka mwisho wa Julai. Yaani chombo pekee mjini ambacho hewa yote ya Mungu inakupiga usoni ndicho kilisubirishwa, sisi wa chupa tukatangulia. Ndugu yangu wa boda mpaka leo hajasamehe.

---

MusawoZamuYaUsiku:

Wa boda ana haki ya kununa, ingawa uso kwa mgongo karibu vile hatari si sifuri. Nje virusi vinatawanyika haraka na jua linaviua, ukilinganisha na ndani ni mbingu na ardhi.

Na kupunguza abiria haikuwa bure, wagonjwa wachache, pumzi chache. Ila ukifungua dirisha moja mbele kushoto na lingine nyuma kulia, hata vidole vinne tu gari likiwa linatembea, hewa inapita kati ya watu inatoka. Moja peke yake haifanyi kazi vizuri, hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea.

---

MrijaMrefu_Soroti:

Mimi naomba swali la aibu. Sisi jioni tunakaa kwenye ajono, pombe yetu ya ulezi, chungu kimoja, mirija mirefu, wazee kumi na wawili. Tangu korona mimi nabeba mrija wangu nyumbani, nausuuza kwa maji ya moto, simpi mtu, hata shemeji akiomba nakataa, wananiita mzungu. Lakini senyiga ikiingia pale inatufagia wote na mrija wangu. Ile nyumba ni ya nyasi, mlango mmoja mfupi, dirisha hakuna, na mvua ikija tunaning'iniza gunia mlangoni.

---

MusawoZamuYaUsiku:

Hakuna aibu hapo mzee wangu, mrija wako endelea nao, mate ni mate. Ila ngoja nikuchekeshe, kuna watu Wisconsin Marekani walifanya jambo linalofanana na kilabu chenu. Miaka ya 80, matokeo yakatoka 1987. Waliwakusanya wanaume wenye mafua na wazima wakacheza karata meza moja masaa 12. Wazima nusu yao waliwafunga vifaa mikononi au shingoni, hawawezi kabisa kufikisha mkono usoni. Wengine waliachwa wajishike pua wanavyotaka. Waliofungwa waliugua 10 kati ya 18. Walioachwa 12 kati ya 18. Tofauti ni kama hakuna. Halafu wakachukua zile karata, zimeshikwa na wagonjwa mpaka zinanata, wakawapa wanaume 12 wengine chumba kingine wazicheze na wajishike uso makusudi masaa 12. Aliyeugua hakuna hata mmoja.

Kwa hiyo kwenye ajono yenu karata ni mrija, na meza ni ile nyumba yenye gunia. Hamisheni chungu chini ya mwembe.

---

MrijaMrefu_Soroti:

Chini ya mwembe mke wangu ataniona.

---

MbishiMkuu:

😂😂😂 mzee amesema ukweli.

Kwa hiyo musawo, nikuelewe, tuache kunawa?

---

MusawoZamuYaUsiku:

Nilijua utafika hapo. Hapana. Hata kwenye mafua virusi havifanani. Kuna kimoja kinaitwa RSV, kinachokaba vifua vya watoto wachanga. Kwa hicho walifanya jaribio mwanzoni mwa miaka ya 80, wakagawa watu makundi: waliombeba na kumhudumia mtoto mgonjwa, waliogusa tu vitu vyake mtoto akiwa hayupo halafu wakajishika macho na pua, na waliokaa tu chumbani mbali kidogo naye. Waliombeba waliugua 5 kati ya 7. Waliogusa vitu 4 kati ya 10. Waliokaa tu, 0 kati ya 14. Unaona? Pale mikono ina kazi kweli. Nyumba yenye kichanga, nawa kabla ya kumshika, na mgeni mwenye mafua asimbusu hata akiwa nyanya yake.

Surua nayo ni kinyume, hewa tupu, mgonjwa akitoka chumbani inaweza kubaki ikielea mpaka masaa mawili. Hiyo dirisha peke yake haliiwezi, ni chanjo.

---

Mwl_Busia:

Nimesoma kimya toka mwanzo. Darasani kwangu nina watoto zaidi ya mia, madirisha ni ya mbao, mvua ikija ninafunga yote na giza linaingia, nafundisha kwa sauti wao wanajibu kwa sauti. Yaani kwaya ya musawo mara mbili kila siku. Shule zilifungwa Machi 2020 mpaka Januari 2022, wasichana wangu watatu hawakurudi, wako na watoto sasa. Tulipofungua nililetewa jerikeni sita na katoni za sabuni. Bawaba za madirisha hakuna aliyeuliza, na moja ilikuwa imekatika, dirisha limepigwa msumari. Nilinunua bawaba mwenyewe Busia sokoni.

Siku hizi kusoma kwa sauti tunafanyia nje chini ya mti. Mkaguzi aliuliza kwa nini watoto wako nje, nikamwambia ni somo la mazingira.

---

MusawoZamuYaUsiku:

Mwalimu nakupigia saluti ya barracks. Wazee waliojenga hospitali za zamani walilijua hilo, wodi dari iko juu kule, madirisha makubwa pande mbili, baraza. Walikuwa hawana dawa ya TB, walikuwa na upepo. Kule Lima nchini Peru watu walipima hospitali nane, matokeo yametoka 2007: vyumba vya majengo ya kabla ya 1950 madirisha yakiwa wazi hewa ilibadilika mara 40 kwa saa, majengo ya kisasa yenye madirisha mara 17, na vyumba vyenye mashine ya hewa vya gharama mara 12. Sasa hivi tunajenga vidirisha vya kioo visivyofunguka tunaita maendeleo.

---

BukavuNsambya:

Musawo, mimi niko mkimbizi hapa Nsambya, tuko watano kwa muzigo moja, yaani chumba kimoja cha kupanga. Dirisha liko moja, linaangalia ukuta wa jirani. Nikifungua usiku, mbu. Nikifungua na nikalala, mwizi anaingiza fimbo ndefu yenye ndoano anavua simu na suruali, mimi wameshanivua mara mbili. Hewa ni nzuri lakini malaria nayo inaua, na suruali nilikuwa na moja.

---

MusawoZamuYaUsiku:

Kaka hapo umesema jambo kubwa, wengi wanaoandika mambo ya madirisha hawajalala kwenye muzigo. Angalia juu ya dirisha na juu ya mlango, fundi anaacha yale matundu, ventileta. Nyumba nyingi nikiingia nakuta yamezibwa kwa kavera (mfuko wa plastiki) au magazeti sababu ya mbu. Toa kavera, piga waya wa mbu, kipande hakina bei kubwa, fimbo ya mwizi haipiti na hewa ya moto inatokea juu usiku kucha. Asubuhi mkiamka, mlango na dirisha vyote wazi kwa pamoja robo saa. Anayekohoa alale karibu na dirisha na wengine wageuze vichwa upande wa pili, chandarua kiwe juu. Na sigiri, jiko la mkaa, isiingie ndani hata mvua ikinyesha vipi, hiyo hewa yake inaua usiku mmoja.

Na maski ya anayekohoa, hata akiwa ndani siku mbili tatu. Dada Fundi wewe ulishona nyingi nadhani.

---

FundiWaArua:

Nilishona mpaka sindano zikaisha mjini! Kitenge mikunjo miwili. Sasa nakiri, wateja walikuwa wanataka rangi ifanane na gauni la gomesi, pua hakuna aliyeniuliza. Ile waya ya puani niliiacha kuweka sababu ilikuwa inanichelewesha, na pembeni kukaa wazi ni kama suruali isiyo na mshipi, kila kitu kinapita. Ningekuwa na akili ningeweka waya.

---

MusawoZamuYaUsiku:

Kitenge kinapunguza kidogo, kinazuia zaidi kinachotoka kwa mgonjwa kuliko kinachoingia kwako. Kwa basi la masaa nane tafuta ile maski ya N95 inayobana uso, moja tu, uitunze kwenye bahasha ya karatasi utaivaa safari kadhaa.

---

FundiWaArua (wiki tatu baadaye):

Nimerudi jamani. Watoto wamepona, msichana wa cherehani bado analaumu noti.

Juzi nilienda tena Kikuubo. Kurudi nimepanda mapema, nimechagua siti ya dirishani, maski ya kubana ninayo. Kijana wa sanitaiza yuko palepale, nimempa mikono nikamwambia mwanangu asante, na madirisha je? Akacheka. Ndani nikasukuma kioo changu, hakisogei. Nikasukuma kwa nguvu mpaka kiganja kikauma. Konda akapita akaniambia, "Mama usijisumbue, hilo lilipigwa gundi, lilikuwa linavuja mvua."

Nikahamia siti ya tatu kutoka mbele, upande wa jua, hakuna aliyeitaka. Kioo kilifunguka. Mama mmoja nyuma akaanza, "Dada, upepo," nikamwonyesha vidole vinne, tukashuka kwenye viwili, akakubali. Jua limenichoma mkono wa kulia mpaka Pakwach, unaonekana kabisa umepishana rangi na wa kushoto.